Jina la Msusi: Nywele za Watu Weusi Katika Sanaa na Makumbusho



Nimeombwa nizungumzie nywele za watu weusi katika sanaa na katika maonesho ya makumbusho. Mada hii ni pana, na mtu angeweza kuizunguka usiku kucha. Mimi nitaibana kwenye hoja moja. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Maana yake ni kwamba kila kichwa kilichosukwa au kunyolewa kwa ufundi ni kazi ya watu wawili: aliyetoa kichwa na aliyetoa mikono. Lakini ukiingia katika makumbusho mengi ya dunia utasoma jina la mpiga picha, jina la mchongaji pale linapojulikana, jina la aliyekinunua kitu na aliyekitoa zawadi. Jina la msusi hulioni. Nasema hilo ni deni, na kwamba linalipika. Nitaonesha lilivyoanza, waliokwisha kuanza kulilipa, na sisi wa Afrika Mashariki tufanye nini wakati wanaoujua ufundi huu bado wangali hai.

Visogo vya Lagos

Tuanze na picha moja. Ni ya mwaka 1975, inaitwa Onile Gogoro, jina la Kiyoruba linalotaja jumba refu la ghorofa. Ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe, na nyuma ya mwanamke hakuna kitu ila uwazi. Uso wake hatuupati, ametupa kisogo. Tunachokiona ni nywele zilizogawanywa kwa mafungu, kila fungu limezungushiwa uzi mweusi toka shinani hadi nchani, na mafungu hayo yamesimamishwa na kukunjwa yakawa jengo juu ya kichwa. Kati ya fungu na fungu ngozi ya kichwa inaonekana, imepigwa mistari iliyonyooka kama imepimwa kwa rula.

Aliyepiga picha hiyo ni J. D. 'Okhai Ojeikere, Mnigeria aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2014. Alianza kupiga picha akiwa kijana, mwaka 1950, akafanya kazi katika ofisi za serikali, kwenye televisheni na kwenye kampuni ya matangazo, kisha akafungua studio yake mwenyewe. Mwaka 1968 alianza kukusanya mitindo ya nywele kwa kamera. Aliitafuta barabarani, maofisini na kwenye sherehe, na aliendelea miaka mingi hata akaacha karibu picha 1000 za nywele peke yake. Sababu aliieleza mwenyewe mara nyingi: mitindo hii haidumu, na yeye alitaka ibaki kumbukumbu yake.

Wakati wenyewe nao ulikuwa na lake. Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960. Kabla ya hapo mawigi yalikuwa yameshika mjini, na mwanamke wa kisasa alitakiwa afanane na picha za magazeti ya Ulaya. Baada ya uhuru misuko ilirudi kwa nguvu, nayo ilirudi ikiwa na majina mapya ya maisha mapya. Wanawake wa Lagos walikuwa wanaona maghorofa yakipanda mbele ya macho yao, wakayaweka vichwani. Historia ya mji ule imeandikwa na wasusi wake sawasawa na ilivyoandikwa na wahandisi wake.

Picha za Ojeikere zilifika mbali. Mwaka 2000 zilioneshwa Paris, katika jumba la Fondation Cartier. Mwaka 2007 zilikuwa Kassel, Ujerumani, katika maonesho makubwa ya Documenta, na mwaka 2013 zikawa Venice, kwenye Biennale. Watu wa mataifa yote walisimama mbele ya visogo vile na kustaajabu. Nami nimestaajabu, na ninamheshimu sana Ojeikere, kwa maana bila yeye tusingekuwa na chochote. Lakini kibao cha maelezo kilichowekwa ubavuni mwa picha kinataja mpiga picha, mwaka na jina la mtindo. Mwanamke aliyeketi hatumjui. Mwanamke aliyesimama nyuma yake kwa saa nyingi, vidole vikiuma, akajenga ghorofa lile uzi kwa uzi, hatumjui kabisa. Tunaitazama kazi yake na kumpongeza mtu mwingine.

Mikono inafanya nini

Labda yupo atakayesema kwamba kusuka ni shughuli ya nyumbani tu, haifiki daraja la sanaa inayostahili sahihi. Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu.

Msusi humkalisha mteja mkekani au kwenye kigoda, yeye akaketi juu kwenye kiti, kichwa cha mteja kikawa katikati ya magoti yake. Huanza kwa kuchana na kupaka mafuta, na wakati huo huo vidole vinasoma: nywele hizi ni nzito au nyepesi, ngozi ina kidonda au haina, paji limepanda kiasi gani, kichwa kimechongoka nyuma au kimelala. Kisha kwa ncha ya kitana huchora mstari wa kwanza, na huo ndio unaoamua mingine yote. Ukienda upande, mtindo mzima unakwenda upande, kwa sababu mistari yote itakayofuata itapimwa kwa huo.

Halafu hushika mafungu matatu membamba pale nywele zinapoanzia, akayapishanisha, na katika kila mpishano kidole kimoja huokota nywele kidogo kutoka ngozini na kuziingiza kwenye fungu. Akiokota nyingi mno, msuko unanenepa ghafla. Akiokota chache mno, unapotea kabla haujafika kisogoni. Akikaza kupita kiasi, mteja atalala macho usiku kucha, na siku zijazo nywele za pajini zitaanza kunyonyoka. Akilegeza, msuko utafumuka kabla wiki haijaisha. Kazi hiyo huifanya huku anazungumza, anasikiliza matatizo ya watu, anamkemea mtoto, na pengine hatazami anachokifanya. Hana mchoro mbele yake. Mchoro upo vidoleni.

Mtafiti wa Marekani Ron Eglash, katika kitabu chake African Fractals cha mwaka 1999, aliitazama misuko hii kwa jicho la hisabati. Aliona kwamba kila mpishano ni nakala ya ule uliotangulia, imepunguzwa au kuongezwa kidogo na kugeuzwa kwa pembe fulani, na kwamba mpangilio huo huo unajirudia katika ukubwa tofauti. Baadaye yeye na wenzake walitengeneza programu ya kompyuta inayowafundisha watoto jiometri kwa kuchora misuko. Yaani mama anayesuka barazani anatatua kwa vidole jambo ambalo mwanafunzi hulitatua kwa karatasi na kalamu. Kama mchongaji anayekokotoa uwiano wa kinyago tunamwita msanii, huyu mama tumnyime jina hilo kwa hoja gani?

Mti, nta na nywele

Makumbusho yalianza kukusanya nywele za Waafrika zamani, ila yalizikusanya zikiwa zimegeuzwa mti.

Chukueni mito ya mti ya Waluba wa kusini mashariki mwa Kongo, nchi ambako leo Kiswahili kinazungumzwa sokoni na majumbani. Huu ni mto wa kulalia uliochongwa, mdogo, wa kuegemeza shingo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuinua kichwa ili nywele zisiguse kitanda na mtindo usiharibike. Katika kundi la Waluba Washankadi, karne ya 19, palikuwa na mitindo iliyopangwa kwa matabaka, nywele zikishuka nyuma ya kichwa ngazi kwa ngazi kama maji yanayoporomoka mwambani. Mchongaji mmoja, au karakana moja, alichonga mito inayobebwa na watu wadogo wenye nywele za namna hiyo, na kazi zake leo ni hazina za makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Jina lake halikuandikwa na waliozichukua. Wataalamu, wakitaka kumtambua, wakampa jina la heshima: Bwana wa Nywele za Maporomoko.

Ndugu zangu, hebu litafakarini jambo hilo. Mchongaji ambaye jina lake lilipotea amepewa jina jipya kutokana na mtindo wa nywele. Ila aliyeubuni mtindo ule, aliyeupanga juu ya kichwa hai kabla mchongaji hajaushika mti, hakupewa hata jina la kubuni. Sifa imepita juu yake, ikaenda kwa aliyemnakili.

Wamende wa Sierra Leone nao wana vinyago vya sowei, vyeusi, vinavyong'aa, vinavyovaliwa na wanawake wa chama cha Sande wakati mabinti wanapotolewa unyagoni. Katika bara letu ni jambo la nadra wanawake kuvaa vinyago vya mti, ndiyo maana wanahistoria wa sanaa wameviandika sana. Juu ya kila kinyago kuna nywele zilizosukwa kwa uangalifu mkubwa: mafundo, matuta, vilele. Hapo nywele nadhifu ni alama ya mwanamke aliyetunzwa na anayewatunza wenzake, kwa kuwa hakuna anayeweza kujisuka kisogo. Vichwa vile vyeusi vya mti vinasifu urafiki wa wanawake.

Na hapa kwetu, pande zote mbili za mto Ruvuma, Wamakonde huchonga vinyago vya mapiko. Lipiko huvaliwa kama kofia inayomeza kichwa kizima, katika ngoma za kuwatoa vijana jandoni na unyagoni. Mengi yamebandikwa nywele halisi za binadamu. Mchongaji huchukua nywele zilizokatwa, akazishindilia kwenye nta juu ya mti, na mara nyingi huziacha katika mpangilio ule ule ambao kinyozi wa kijiji angeuacha: hapa zimekaa, hapa pamenyolewa, hapa pamechorwa mstari. Ukikisogelea kibao cha maelezo utasoma maneno machache: mti, nta, nywele. Vitu hivyo vitatu vimeorodheshwa pamoja kana kwamba ni vya daraja moja. Lakini mti ulitoka porini na nta ilitoka mzingani. Nywele zilitoka kwa mtu mwenye jina.

Nywele zilipogeuzwa ushahidi

Lazima nigusie jambo lililo zito zaidi. Si kila nywele iliyoingia makumbusho iliingia kwa kupendwa.

Mwaka 1908 mwanasayansi wa Kijerumani Eugen Fischer alikwenda Rehoboth, katika nchi ambayo leo ni Namibia, wakati ambapo Waherero na Wanama walikuwa wamechinjwa na jeshi la Ujerumani maelfu kwa maelfu. Alipima watu: ngozi, macho, pua na nywele. Kipimo alichokibuni cha kulinganishia rangi za nywele, kijisanduku chenye vishungi vilivyopangwa kwa safu, kimebaki katika makusanyo ya Ulaya hadi leo. Baadaye Fischer alikuwa miongoni mwa vinara wa elimu ya uongo ya mbari iliyotumiwa na utawala wa Hitler. Afrika Kusini, baada ya sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi zao, nywele zilitumiwa kuamua mtu ni wa kundi gani. Penseli ilichomekwa nywelini; ikianguka, mtu anapata hali moja ya maisha; ikikwama, anapata nyingine. Familia ziligawanywa namna hiyo.

Nyuma zaidi, mwaka 1786, katika Louisiana iliyokuwa chini ya Hispania, gavana Esteban Miró alitoa amri iliyowataka wanawake wenye asili ya Afrika wafunike nywele zao kwa kitambaa, kwa kuwa mapambo yao yaliwafanya waonekane sawa na wanawake wa kizungu au kuwazidi. Walitii kwa namna yao. Walichukua vitambaa vya rangi, wakavifunga kwa madaha hata amri ikageuka kuwa pambo jipya.

Na msidhani ni mambo ya kale tu. Mwezi Novemba 2022, makumbusho ya Peabody ya Chuo Kikuu cha Harvard yaliomba radhi hadharani kwa kuwa yalikuwa yamehifadhi nywele za watoto wapatao 700 wa Wenyeji wa asili wa Marekani, zilizokatwa katika shule za bweni za serikali, na yakaahidi kuzirudisha kwa jamaa na jamii zao. Watoto wale si Waafrika, lakini kisa chao kinatuhusu, kwa maana kinaonesha kinachotokea nywele zinapotenganishwa na mtu wake. Zinakuwa sampuli. Jina ndilo linalozuia hilo. Nywele zenye jina la mwenyewe na jina la mkono uliozishika haziwezi kugeuzwa namba kwa urahisi. Kwa hiyo ninapodai jina la msusi sidai adabu tu. Nadai kinga.

Waliorudisha mikono ndani ya picha

Sasa niwataje walioanza kulilipa deni hili.

Mwaka 2000 Jumba la Sanaa ya Afrika la New York liliandaa maonesho mazima juu ya nywele katika sanaa na utamaduni wa Afrika, chini ya Roy Sieber na Frank Herreman. Kwa mara hiyo vinyago, vitana, mito ya mti na picha vilikusanywa kwa sababu ya nywele zenyewe. Mwaka 2013 makumbusho ya Fitzwilliam ya Cambridge, Uingereza, yakaandaa maonesho ya historia ya chanuo la Kiafrika katika miaka 6000. Vitana vya kale vya Misri viliwekwa pamoja na vya Afrika Magharibi na machanuo ya plastiki ya miaka ya 1970, yale yenye ngumi iliyokunjwa kwenye mpini, alama ya kudai haki za watu weusi. Katika makumbusho jirani ya mji huo huo, msanii Michael McMillan alitengeneza vyumba vitatu: cha kinyozi, cha saluni ya kike na cha nyumbani. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Chanuo peke yake kwenye kioo ni kipande cha mti. Chanuo ndani ya chumba ambamo watu husukana ni kazi, ni mazungumzo, ni malezi.

Wasanii nao walikuwa wametangulia. David Hammons, Marekani, tangu miaka ya 1970 alikusanya nywele zilizofagiliwa kwenye vibanda vya vinyozi wa watu weusi na kuzifanya sanamu. Lorna Simpson mwaka 1994 alichapa mawigi kwenye vipande vya kitambaa kizito, wigi baada ya wigi bila kichwa ndani yake, akituuliza ni nani hasa tunayedhani tumemwona tunapoona nywele. Meschac Gaba wa Benin mwaka 2005 alionesha Harlem mawigi yaliyosukwa kwa rasta kwa umbo la majengo maarufu ya New York. Wanawake wa Lagos waliweka ghorofa kichwani, naye Gaba, miaka 30 baadaye, akaufuata ufundi ule ule hadi upande wa pili wa bahari. Nairobi tunaye Thandiwe Muriu, mpiga picha ambaye katika mfululizo wake wa Camo huwavika wanawake vitenge vinavyofanana na ukuta ulio nyuma yao, mwili ukamezwa na rangi, na kinachosimama ni uso na nywele zilizojengwa kwa kukumbuka mitindo ya zamani ya bara hili.

Lakini kazi ninayotaka mwondoke nayo ni ya Sonya Clark wa Marekani, ya mwaka 2014, juu ya ufundi wa nywele. Clark ni msanii wa nyuzi na vitambaa. Alikuwa amekwisha kutumia vitana 3840 vya plastiki kuunda sura ya Madam C. J. Walker, mama aliyetajirika kwa biashara ya bidhaa za nywele mwanzoni mwa karne ya 20. Safari hii aliwaendea wasusi 11 wa mji wa Richmond, Virginia, akawaomba kila mmoja afanye kazi mbili: amsuke yeye Clark kichwani, kisha atumie ufundi ule ule kwa uzi wa hariri juu ya turubai, aina ile ile ya kitambaa ambacho wachoraji huchorea picha zao.

Tazameni picha zilizotokana na kazi hiyo. Clark ametupa kisogo, kama wale wanawake wa Ojeikere. Msuko unaonekana wote. Ila pembeni ya kichwa hicho amesimama msusi mwenyewe, anaitazama kamera, uso wake wazi, na jina lake limo katika kazi. Aliyekuwa nje ya picha kwa miaka yote ameingia ndani. Mwaka huo huo kazi hiyo ilipata tuzo kuu ya majaji, kwa kugawana na msanii mwingine, katika mashindano ya ArtPrize huko Grand Rapids, Michigan, na baadaye ikaingia katika makusanyo ya makumbusho ya sanaa ya Boston. Turubai la hariri lililosukwa na msusi wa mtaani likaning'inizwa ukutani pamoja na kazi za wachoraji, na paa la jumba halikuanguka.

Na kama kuna mhifadhi anayeona hili ni jambo geni lisilo na mizizi, namkaribisha aende makumbusho ya Brooklyn, New York. Hapo pana kipande cha jiwe la chokaa kutoka kaburi la Malkia Neferu, mke wa Farao Mentuhotep wa Pili, huko Deir el-Bahari, Misri. Kina umri wa miaka 4000 hivi. Juu yake amechongwa msusi akiwa kazini, vidole vyake vikipanga kishungi, na jina lake limeandikwa kwenye jiwe: Inu. Waafrika wa bonde la Nile walimwandika msusi kwa jina ndani ya kaburi la malkia. Basi desturi ninayoidai ni ya zamani kuliko makumbusho yote duniani, na kilicho kigeni ni kule kuiacha.

Kazi iliyo mbele yetu

Nimalizie nyumbani. Afrika Mashariki ina hazina ya nywele ambayo bado haijaorodheshwa ipasavyo. Rwanda kuna amasunzu, nywele zinazonyolewa na kuachwa katika matuta yaliyopinda kama mwezi mchanga, zilizovaliwa na wanaume na pia wasichana ambao hawajaolewa. Morani wa Kimaasai hufuga nywele, wakasukana wenyewe kwa wenyewe na kuzipaka udongo mwekundu na mafuta, hadi siku ya eunoto ambapo mama humnyoa mwanawe na ujana wa vita ukafungwa. Picha za morani zimejaa katika vitabu na makumbusho ya dunia. Picha ya mama mwenye wembe ni adimu, ilhali yeye ndiye anayekamilisha mtindo ule kwa kuuondoa. Kenya watoto husukwa matuta. Tanzania tuna mabutu, tuna nywele za uzi, tuna twende kilioni, msuko wa haraka wa kwenda nyuma ambao jina lake limebeba desturi nzima ya msibani: kwamba mwanamke hawezi kufika kwenye msiba kichwa kikiwa ovyo, na pia hawezi kukaa siku nzima akijipamba wakati wenzake wanalia.

Mitindo hii inaanza kufifia. Bibi aliyesuka kwa uzi miaka ya 1960 sasa ni mzee sana. Akiondoka, hatuwezi kumchimbua ardhini kama tunavyochimbua vigae vya Kilwa. Nywele zenyewe hufumuliwa, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Uzuri wake umo katika kufumuliwa na kusukwa upya. Kinachoweza kuhifadhiwa ni ujuzi, majina na picha, na vyote hivyo vinahitaji mtu aende kuuliza.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. La kwanza, kila makumbusho yanapopokea picha, kinyago au kifaa kinachohusu nywele, yaandike msusi au kinyozi ni nani, nywele ni za nani, mtindo unaitwaje mahali ulipotoka, ulichukua muda gani na ulitumia vifaa gani. La pili, pale ambapo jina limepotea, kibao cha maelezo kiseme waziwazi: msusi, jina halikuandikwa. Maneno hayo matatu yatamfanya kila mtazamaji ajue kwamba alikuwepo mtu. Kunyamaza kunamfanya adhani nywele zilijisuka. La tatu, wasusi waitwe makumbusho kama wataalamu na walipwe kama wataalamu. Anayeweza kutazama picha ya mwaka 1930 na kusema huu ulisukwa kwa uzi na ule kwa mkono mtupu, huu ni wa siku mbili na ule umekaa mwezi, huyo ana elimu ambayo hakuna shahada inayoitoa. La nne linawahusu ninyi wanafunzi. Kila mmoja wenu ana mama, shangazi au bibi aliyewahi kusuka. Nendeni na simu zenu, mrekodi mikono ikifanya kazi, muulize majina ya mitindo na mwaka ilipoingia mtaani, na muandike jina kamili la anayewafundisha, kwa ridhaa yake.

Najua nitaulizwa: je, kila msusi ni msanii? La. Wala si kila mchongaji ni msanii, wala kila mchoraji. Wapo wanaorudia walichofundishwa na wapo wanaobuni. Lakini hatuwezi kuwatofautisha kama hatuwaandiki. Historia ya uchongaji wa Afrika ilianza kueleweka wataalamu walipoanza kuuliza nani alichonga nini, wakagundua kwamba kazi zilizoitwa za kabila zilikuwa za mtu fulani, wa kijiji fulani, mwenye mkono unaotambulika. Historia ya ususi inasubiri swali hilo hilo.

Wahifadhi mliomo humu mna vibao vya maelezo vya kuandika kesho asubuhi. Wasusi mliomo humu mna majina. Nawaomba msiondoke kabla hamjajuana, na anayeandika vibao aondoke na majina hayo mfukoni.